Mwenda wa Bayeke: gitaa lilisifiwa, maneno yakasahauliwa

Ukikusanya diski zote zenye nyimbo zake, unaweza kudhani ni za watu watatu. Santuri za miaka ya 1950 zinamwita Mwenda Jean Bosco, jina la ukoo mbele na la ubatizo nyuma, kama karani anavyoliandika kwenye daftari. Waandishi wa Ulaya na Marekani walimgeuza akawa Jean-Bosco Mwenda. Na kwenye diski aliyorekodi Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kifo chake, yeye ni Mwenda wa Bayeke. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika, na kwa mtu wa fani yangu majina matatu ya mtu mmoja ni habari tosha. Ninayaona kama vituo vitatu vya historia ya mkoa wetu, na ndiyo maana nimeyachukua kama njia ya kusimulia maisha ya mpiga gitaa ambaye Katanga nzima inadai kumjua, lakini maneno yake karibu hakuna anayeyasoma.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika nchi ya Likasi. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya M'siri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, magharibi ya Tanzania ya leo, akajenga ufalme wa Garenganze juu ya shaba na pembe za ndovu, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Wafuasi wake ndio Bayeke. Lugha yao, Kiyeke, ni ndugu wa Kinyamwezi na Kisukuma, ikapandwa katikati ya Wasanga na majirani wengine. Leo Kisanga na Kiswahili vimeimeza karibu yote. Mwenda ni jina la watawala wa Bayeke tangu M'siri mwenyewe. Jean-Bosco ni mtakatifu wa Wasalesiani, mapadri waliofika Elisabethville mwaka 1911. Kwa hiyo mtoto huyu, kabla hajashika gitaa, alikuwa amekwisha kubeba jina lenye Unyamwezi upande mmoja na Italia upande wa pili. Wengi wetu kitivoni tuna majina ya namna hiyo na hatuyashangai tena.

Akiwa kijana aliishi Jadotville, yaani Likasi ya sasa, akafanya kazi za ofisi. Jambo hili lisipitwe haraka. Maishani mwake Mwenda hakuishi kwa muziki peke yake: alifanya kazi benki, akafanya kazi katika kampuni ya migodi Lubumbashi, akaongoza orkestra, na baadaye akawa na hoteli upande wa mpaka wa Zambia. Wanaoandika kumhusu huzitaja kazi hizi kama vitu vya pembeni, kana kwamba maisha yake ya kweli yalianza saa kumi na moja jioni alipotoka kazini. Mimi naziona kuwa shule yake. Karani wa Jadotville alisikia siku nzima Kifaransa cha mzungu, Kiswahili cha kambi, Kibemba cha waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, Kiluba cha waliotoka Kasai. Mtu wa aina hiyo akiimba jioni, hawezi kuimba lugha moja iliyonyooka.

Kuhusu muziki aliokua akiusikia, mambo matatu yanajulikana vizuri. Kwanza ni ngoma na nyimbo za nyumbani, za kusini mwa Kongo na za ng'ambo ya mpaka, Zambia. Pili ni santuri za Kuba, zile za mfululizo wa G.V. zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930, ambamo Trio Matamoros walikuwamo. Tatu ni sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, wenye kofia pana na gitaa mgongoni, zilizoonyeshwa katika mitaa ya wafanyakazi. Ukiweka vitatu hivyo mikononi mwa kijana mmoja mwenye gitaa moja, unapata mtindo wa Katanga: kidole gumba kinashika nyuzi nene za chini, kidole cha shahada kinatembea juu yake na wimbo, vidole viwili tu, na mwenye kusikiliza bila kuona huapa kwamba wapigaji ni wawili. Wenzake wengine walisindikizwa na mtu wa kugonga chupa ya soda. Katika rekodi zake za mwanzo zinazojulikana zaidi, Mwenda yuko peke yake, na chupa haikosekani.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika ya kusini na ya kati na mashine zake za kurekodi, alifika Jadotville na kumrekodi. Hadithi inayorudiwa kila mahali ni kwamba alimkuta akipiga gitaa barabarani, akamgundua. Hapa nina neno langu. Kitenzi hiki "kugundua" kinafanya kazi ileile kinachofanya kwenye vitabu vya shule vinavyosimulia mito na maziwa yetu: kinafuta watu waliokuwa wamesimama pale. Kijana anayepiga barabarani namna ile ana wasikilizaji, na wasikilizaji wale walikuwa na maoni yao juu yake kabla gari la Tracey halijasimama. Kitu Tracey alichofanya, na si kidogo, ni kuweka sauti kwenye santuri. Bila yeye tungekuwa na sifa za wazee tu. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, na kazi ya Jadotville ikapata mahali pa kulala salama kuliko nyaraka nyingi za mji wetu wenyewe.

Kutoka rekodi zile ukatoka wimbo wa "Masanga". Ulishinda tuzo ya Osborn iliyotolewa na chama cha muziki wa Kiafrika, ukauzwa kwa chapa ya Gallotone ya Afrika ya Kusini, na ukasafiri kuliko mwenye wimbo. Kilichowashangaza watu ni kwamba gitaa halirudii. Mpigaji wa kawaida huwa na mzunguko mmoja anaouzungusha mpaka mwisho. Mwenda anaubadilisha kila anaporudi, anaukata, anaupanda juu, anasogeza mahali pa mkazo mpaka mguu wako unaopiga sakafu unapotea njia kidogo halafu unarudishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi mrefu wa gitaa hilo, noti kwa noti. Mwanafunzi wa muziki akisoma kazi ile atafurahi. Mwanafunzi wa lugha ataanza kujiuliza kitu kingine.

Karibu kazi zote kubwa zilizoandikwa juu ya Mwenda ni za gitaa. Mkusanyiko baada ya mkusanyiko, karatasi inayofuatana na diski inaeleza vidole, nyuzi, mapigo, Kuba, Zambia. Ikifika kwenye maneno, inapewa mistari miwili: wimbo huu unahusu mapenzi, huu unahusu ndoa, huu unahusu pesa. Ni kama kutangaza hotuba kwa kusifu mikono ya msemaji. Nafahamu sababu. Wakusanyaji wengi hawakujua Kiswahili, na waliokijua walijua cha Mombasa au cha Zanzibar, ambacho hakifungui kila mlango wa Jadotville ya mwaka 1952.

Kiswahili alichoimba Mwenda ni mali ya mkoa huu, na historia yake inajulikana. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka pande zote, na tangu miaka ya 1920 hata kutoka Rwanda na Burundi. Wabelgiji walikipendelea Kiswahili makambini, kwa sehemu ili kupunguza nguvu ya Kiingereza na ya lugha zilizopanda kutoka kusini na reli. Johannes Fabian ameieleza siasa hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni. Kabla yake Edgar Polomé, aliyefundisha chuoni Elisabethville mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa ameandika juu ya sarufi ya Kiswahili cha mji huu. Tunajua sote alama zake: "batoto" badala ya watoto, "muke" badala ya mke, h inayoanguka mwanzoni mwa neno, vidogo vya ka- na tu-, "niko" inayofanya kazi ya "ni". Tunazisema nyumbani, kisha tukiingia darasani tunazivua kama viatu mlangoni.

Sasa sikiliza rekodi za Mwenda ukiwa na kalamu. Utakuta kwamba hafuati kanuni hizo kila mara. Mahali pengine anaimba wa-, pengine ba-. Mahali pengine h inasikika wazi, kama ya mtu aliyesoma kwa mapadri. Mistari michache baadaye imetoweka. Mwalimu mmoja kitivoni aliniambia kwamba kwa sababu hiyo nyimbo hazifai kuwa data: mwimbaji hubadilisha lugha apate mizani. Namheshimu, lakini nadhani hoja inakwenda upande mwingine. Mwimbaji anayechagua kati ya wa- na ba- anatuonyesha kwamba mwaka 1952 chaguo lilikuwepo, na kwamba msikilizaji wake wa barabarani alisikia tofauti na kuipa maana. Ba- ilikuwa nyumba na mtaa; wa- ilikuwa kanisa, kitabu, labda pia ndoto ya kusikika mbali, mpaka pwani. Ripoti ya mkoloni haituambii jambo hilo. Gitaa lenyewe haliwezi kutuambia.

Na mbali alisikika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi cha kawaida redioni. Binamu yake Edouard Masengo naye alijulikana sana kule. Wapiga gitaa wa Kenya wa kizazi kile, hasa wa magharibi ya nchi, walijifunza kwa kuwasikiliza hawa Wakatanga wawili. Mtindo wa vidole uliokua kule, ambao jina la George Mukabi limeshikamana nao, una ujirani wa wazi na wa kwetu. Kila nikifikiria kipindi kile cha redio, gitaa linanishughulisha kidogo. Nawafikiria wasikilizaji. Mama wa Kakamega au kijana wa Machakos anasikia Kiswahili ambacho si cha pwani, si cha soko la Nairobi, na bado anakielewa vya kutosha kukiimba. Kabla ya mikutano ya kusanifisha msamiati kuanza kutualika, mtu mmoja mwenye gitaa alikuwa amekwisha kukutanisha lahaja mbili za mbali bila kamati.

Wakati huo nyumbani mambo yalikuwa moto. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kujitenga, na waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa wa ukoo wa M'siri. Kujitenga kuliisha Januari 1963. Jina lililokuwa la sifa, Mwenda, lilikuwa pia jina lenye uzito wa siasa, na kuwa Myeke anayejulikana katika miaka ile haikuwa jambo jepesi. Sitaki kumtwika msimamo. Ninachosema ni kwamba jina halikumpa nafasi ya kuwa mtu wa kawaida. Alirudi akaishi Lubumbashi, akafanya kazi, akaendesha orkestra yake ya Super Shaba kwa gitaa za umeme, maana vijana wa mji walitaka rumba ya Kinshasa na sauti kubwa. Kipindi hicho nitakipita haraka. Nimesikia kidogo cha muziki ule, na kwangu ni muziki wa mtu anayefuata soko. Anapobaki peke yake na gitaa la mbao ndipo anakuwa yeye.

Julai 1969 alikuwa Marekani, kwenye tamasha la Newport, lile la nyimbo za kienyeji. Mwaka ule jukwaa hilo lilipandwa na Joni Mitchell, James Taylor na Van Morrison, vijana waliokuwa wakianza kujenga jina kama watunzi wanaoimba nyimbo zao wenyewe. Kwa Wamarekani lilikuwa wazo jipya lenye mvuto: mtu mmoja, gitaa moja, maneno yake mwenyewe. Mwenda alikuwa akifanya hivyo tangu Jadotville, miaka 17 kabla. Tofauti ni kwamba wale wengine watu walisikiliza maneno. Nani pale Newport angejua kwamba yule bwana wa Kongo naye alikuwa akisema kitu?

Halafu likaja jina la tatu. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 siasa ya uhalisi wa Mobutu iliwataka raia waache majina ya ubatizo. Wazazi wetu wanakumbuka jinsi kila Joseph na kila Marie walivyolazimika kutafuta jina la babu. Kwa Mwenda mabadiliko yalikuwa mepesi, tena ya kifahari: akawa Mwenda wa Bayeke. Ni kinaya kidogo, nadhani. Serikali iliyotaka kufuta mabaki ya ukoloni na ya kujitenga ilimrudishia mtu jina la ufalme wa Bunkeya, lenye hatari zaidi kuliko Jean-Bosco maskini. Lilimkaa vizuri, akalibakiza.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza John Low alikuja Shaba kuwatafuta wapiga gitaa wa zamani, akaandika shajara ya safari ile, iliyochapishwa Vienna mwaka 1982. Ni kitabu chenye faida, kwa sababu Low mwenyewe alikuwa mpiga gitaa na aliuliza maswali ya mwanafunzi. Katika miaka iyo hiyo ya 1980 Mwenda alianza kualikwa tena nje, na mwaka 1988 akaingia studio Cape Town.

Diski ya Cape Town ndiyo inayokaribia zaidi kuwa mkusanyiko wa maisha yake. Alipiga tena nyimbo za ujana, "Masanga" na "Bombalaka" zikiwemo, akiwa na miaka 58. Mahali pale palikuwa na ugumu wake: Afrika ya Kusini ilikuwa bado ya ubaguzi, Mandela yuko kifungoni, na wasanii wengi wa dunia walikuwa wamesusa kwenda. Wapo watakaomlaumu. Mimi nawakumbusha kwamba santuri zake za kwanza nazo zilipitia kampuni ya Afrika ya Kusini, na kwamba mlango uliofunguliwa kwa mzee wa Lubumbashi ulikuwa huo. Zaire ya mwaka 1988 haikumjengea studio.

Wenzangu wanaopenda muziki hubishana: ipi ni ya kweli, "Masanga" ya 1952 au ya 1988? Ya kwanza ina kasi na ujeuri wa kijana anayejua kuwa barabara nzima imesimama. Ya pili ni safi zaidi, sauti imeshuka, vidole haviharakishi. Kwa gitaa ningechagua ya kwanza bila kusita. Kwa lugha nachagua ya pili, kwa sababu moja: maneno yanasikika. Mzee anatamka. Kama kuna mahali pa kuanzia kunakili nyimbo hizi kwa uangalifu, ni pale, kisha unarudi nyuma kwa santuri za Jadotville ukiwa na ufunguo mkononi, na unaangalia nini kimebadilika katika miaka 36: ba- ngapi zimeongezeka, h ngapi zimekufa, neno gani la mtaani la wakati wa Mbelgiji limeondolewa kwa sababu hakuna kijana anayelielewa.

Septemba 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na miaka 60. Ulikuwa mwaka mzito kwa Lubumbashi: Mei ya mwaka huohuo askari walikuwa wamewashambulia wanafunzi usiku katika chuo chetu, na mji ulikuwa bado unanong'ona. Diski ya Cape Town ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, mwenyewe akiwa kaburini. Mwaka 2001 SWP ya Uholanzi ilikusanya rekodi za Tracey za kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia katika diski moja, na Mwenda yumo pamoja na majirani zake wa zamani. Mikusanyiko yote miwili imefanywa vizuri. Hakuna hata mmoja uliofanywa hapa.

Mwaka jana nilianza kunakili. Nasikiliza na bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Likasi na kuolewa na fundi wa reli. Macho yamechoka lakini masikio bado. Mahali ambapo mimi nasikia silabi nne zisizo na maana, yeye anacheka, kisha ananieleza neno ambalo vijana wa kambi walilitumia kwa mwanamke anayedai pesa kabla ya mwisho wa mwezi, au jina walilompa mpishi wa mzungu. Kamusi zangu hazina maneno hayo, na Polomé hakuyaandika. Watu wanaoweza kucheka mahali panapofaa wamebaki wachache, na hawaji chuoni kutafuta wanafunzi. Inabidi sisi tuwaendee, na simu yenye kurekodi na subira ya kusikiliza wimbo uleule mara kumi. Kwenye kitivo hiki tuko wengi wenye bibi au babu Likasi, Kipushi, Kolwezi. "Masanga" tumeimaliza, isipokuwa mstari mmoja ambao bibi anasema Mwenda aliumeza makusudi. Wiki ijayo tunaanza "Bombalaka".